Mteremko Ambao Sikumfundisha Ssalongo

Kyebando, Jumapili alasiri

Nekesa, mama,

Maagizo ya safari umeshayapata kwa mama yako, na kama namjua, kesho atayarudia mpaka dereva wa basi ayashike kwa moyo. Dawa za malaria ziko mfuko gani, nani usimpe simu yako aishike, soksi ngapi. Hayo mimi siyawezi. Nimekaa kwenye kibanda changu cha kunolea misumeno, nimefunga mlango nusu ili wateja wadhani nimetoka, na mstari wa kwanza wa barua hii nimeuandika mara nne.

Kesho basi la Gulu litapita Kawempe. Umesema utatangulia pale asubuhi umuage Ssalongo, ndipo upande. Hilo ndilo lililonikalisha hapa. Kuna jambo kuhusu miguu ya Ssalongo ambalo unalijua vibaya, na aliyekufundisha vibaya ni mimi. Nataka ulipate kwangu kabla hujafika kwake. Baada ya hapo utaniita jina utakaloona linafaa.

Hadithi unayoijua ni hii: Ssalongo alikuwa mwenzangu wa kuvuta magogo msituni. Siku moja mimi naumwa, yeye akapanda tingatinga letu bila ruhusa yangu, akavuta liva mbaya, mashine ikapinduka ikamlalia miguu. Ndivyo tunavyoisimulia nyumbani. Ndivyo anavyoisimulia yeye mwenyewe, tena anacheka. Kila neno lililomo ndani yake lilitokea. Tatizo ni neno ambalo halimo.

Nilikuja Kampala kutoka Bungoma miaka michache baada ya vita, wakati kila mwenye ukuta alikuwa anatafuta paa. Mbao hazikutosha. Tajiri mmoja alikuwa na kiwanda cha kupasua mbao upande wa Mukono, na uani kwake kulikuwa na kitu kilichofunikwa na majani, upana wake kama kitanda cha watu wawili wanaopendana. Kilikuwa kitingatinga cha zamani, kizee kuliko mimi, kimepakwa rangi tatu na zote zimetoka. Hakikuwa na magurudumu. Kilitembelea mikanda miwili ya chuma, na katikati ya mkanda mmoja ulikuwa umeota mpapai, tena umezaa. Tajiri akaniuliza kama naijua mashine ile. Nikamwambia naijua sana. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza Uganda, na ulikuwa safi ukilinganisha na uliofuata.

Sikuwahi kusomea ufundi. Niliuiba. Fundi aliyeniajiri nikiwa kijana kule kwetu alikuwa na tabia moja: kila alipofika kwenye kurekebisha valvu za injini, alinituma soda. Haikuwa kiu. Mafundi wote ninaowajua wana kitu kimoja wanachobaki nacho, hata ukikaa nao miaka kumi. Mwashi atakufundisha kila kitu isipokuwa ngazi. Fundi cherehani atakuachia mikono na kola na kukunyima suruali. Mimi nilitoboa tundu kwenye bati la karakana, soda nikanunua mapema nikaificha, na valvu nikazijulia pale. Nilijiona mjanja sana. Kumbe nilikuwa nimejifunza mambo mawili, valvu na kutuma watu soda.

Basi tuliung'oa mpapai, nikaifungua ile mashine kipande kwa kipande, nikaifunga tena na vipande viwili vikabaki mkononi, ikawaka. Tukaiita Kobe. Ilikuwa inawashwa kwa hendeli, na hendeli yake ilikuwa inapiga teke. Hiki kidole changu kilichopinda ni kazi yake. Lakini Kobe alikuwa anapita ambapo lori haliwezi kuota kupita. Kati ya visiki, kwenye matope, kwenye kijia cha mbuzi. Anakwenda kwa mwendo wa mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa, na nyuma yake anaburuta gogo la mti wa musizi ambalo wanaume ishirini wangelitazama tu.

Kufunga mnyororo kwenye magogo ilikuwa kazi ya Ssalongo. Jina lake jingine nilikuwa nalijua, lakini Waganda wakishamwita mtu Ssalongo, kwa kuwa amezaa mapacha, majina mengine yanastaafu. Kiswahili chake alikiokota kwa kubeba mizigo kambi ya polisi, na alikuwa anakirusha kama mtu anayerusha mawe gizani, bila kuangalia yanaangukia wapi. Nilimpenda siku ya kwanza. Naomba uliamini hilo, maana kuanzia hapa litakuwa gumu kuaminika.

Sasa nisikilize vizuri. Kobe hakuwa na usukani. Alikuwa na liva mbili, moja kwa kila mkono. Ukivuta ya kushoto, mkanda wa kushoto unaachiwa na injini, wa kulia unaendelea kusukuma, unageuka kushoto. Mtoto ataelewa. Lakini huo ni ukweli wa tambarare na wa kupanda mlima. Ukiwa unateremka, na gogo linakusukuma mgongoni, injini ndiyo inayokuzuia usikimbie. Ule mkanda uliouachia hauna tena wa kuuzuia, unakimbia mbele ya mwenzake. Umevuta kushoto, mashine inakwenda kulia. Inabidi ukanyage na breki ya upande uleule papo hapo, au uvute liva ya upande usiotaka kwenda. Mkono unatakiwa ufanye jambo ambalo macho yanalikataa.

Nililigundua peke yangu, wiki ya tatu, kwenye mteremko wenye korongo upande wa kulia. Nilivuta kushoto kulikwepa. Kobe akaelekea korongoni kama aliyeitwa na mama yake. Kisiki ndicho kilichomzuia. Nilishuka nikakaa chini, nikacheka, kisha nikatapika, kisha nikaangalia kama kuna aliyeniona. Hakukuwa na mtu. Na hapo ndipo, mama, nilipofanya uamuzi, nikiwa bado na matapishi kwenye shati: hiki ndicho kitu changu. Hiki sitampa mtu.

Nilikuwa na sababu, sababu huwa hazikosekani. Mimi mgeni, tajiri ana wapwa chungu nzima wanaokaa uani wakisubiri kazi nyepesi. Nilijiambia siku mwenyeji atakapoijua mashine, Mkenya ataambiwa asante na kuonyeshwa njia ya Malaba, mpakani. Wewe ulikuwa umeanza kutembea. Nilikutumia wewe pia kama sababu. Nakuomba msamaha kwa hilo peke yake.

Tajiri akaagiza nimfundishe Ssalongo, ili nikiumwa kazi isisimame. Nikamfundisha. Nilimfundisha hendeli, na jinsi ya kuweka kidole gumba ili kisivunjike. Nikamwonyesha kupaka grisi, kukaza mikanda isichomoke kwenye visiki, kufunga gogo chini kabisa ili likikwama lisimnyanyue Kobe pua juu na kumwangusha chali. Hayo yote yanaua, na yote nilimpa. Alijifunza haraka kuliko mimi. Lakini kila tulipofika kichwani mwa mteremko nilimwambia, shuka, nitateremsha mimi.

Siku moja akaniuliza, "We Mkenya, mbona mimi napanda tu, kuteremka hapana?"

Nikamwambia breki zina wazimu na zimenizoea mimi.

"Kobe nakuwa bibi yako sasa," akasema. "Hutaki mtu kushika."

Wapasua mbao walicheka mpaka wakaacha misumeno. Nami nikacheka. Kicheko kile kilinisaidia mwaka mzima. Kila alipouliza tena, wengine walimjibu kwa niaba yangu kwamba mume ana wivu.

Mara moja tu alinikaribia. Tulikuwa tunakula posho, ugali wa huku, na maharage, akachukua kijiti akachora mistari miwili chini, mikanda ya Kobe, na mshale unaoteremka. Akasema amekaa usiku akifikiri. Akauliza, "Hapa nikivuta hii, huyu nakwenda wapi?" Alikuwa amefika mlangoni, mama. Mtu asiyejua kusoma, kwa kichwa chake tu. Nilinyoosha mguu nikaufuta ule mchoro kwa kandambili. Nikamwambia, kula, maharage yanapoa.

Makosa mengine niliyoyafanya duniani yalinikuta. Hili nililifanya kwa mguu wangu, polepole, mdomo ukiwa umejaa.

Nilipougua, malaria ilikuwa ya kweli, hilo sikulidanganya. Siku ya pili lori lilikuja kuchukua magogo na tajiri akawa anapiga kelele barabarani. Ssalongo akasema yeye atateremsha. Wapasua mbao walinisimulia baadaye kwamba alijifunga shati kiunoni kama anaingia kwenye mieleka. Alikwenda vizuri mpaka pale kwenye korongo. Akavuta kushoto. Walimwona akiivuta ile liva kwa mikono miwili, anazidi kuivuta, na Kobe anazidi kwenda kulia. Hakuruka. Hakuwa mwoga, na alikuwa na hakika kwamba anafanya sawa.

Nilimkuta hospitali, shuka limelala tambarare pale ambapo miguu ilipaswa kuliinua. Nilikuwa nimekwenda na maneno. Naapa nilikuwa nayo mdomoni. Yeye akanitangulia, akaanza kulia, akasema, "Samahani ya Kobe. Mimi navuta kushoto, kumbe mimi nachanganya mikono. Mimi naua kazi yako."

Nekesa, nilimwambia imepita. Nikamshika bega, nikamwambia nimemsamehe.

Na si hapo tu. Wiki mbili baadaye mke wake, Nnalongo, alikuja hapa Kyebando kwa miguu, na kuku mkubwa wa kienyeji amemfunga kwa kamba ya mgomba. Alipiga magoti mlangoni, kama wanavyofanya wao, akampa mama yako, kuomba radhi kwa hasara ambayo mumewe ametuletea. Mama yako alikataa mara mbili akapokea mara ya tatu. Tulimla yule kuku. Wewe ulipewa paja. Mimi nilikula shingo nikajiona nimejiadhibu.

Usiku ule mama yako aliniuliza swali moja tu: "Kwani hukumfundisha?" Nikamjibu nilimfundisha. Hakuuliza tena. Sijui kama aliniamini au aliamua kuishi nami hivyohivyo. Kwa mwanamke wa aina yake hayo mawili yanafanana sana yakitazamwa kwa nje.

Kazi niliyokuwa naificha isiibiwe iliisha wiki ileile. Kobe alivutwa kutoka korongoni akauzwa chuma chakavu. Nadhani sasa ni nondo, yuko ndani ya ukuta wa mtu. Tajiri alirudi kwenye kupasulia mbao palepale msituni, na wapwa wake wakaendelea kukaa uani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuitamani ile mashine. Nilikuwa nalinda mlango ambao hakuna mwizi aliyekuwa na habari nao.

Ssalongo unamjua kuanzia hapo kuliko mimi. Ameketi kwenye kile kiti chake cha magurudumu pale Kawempe anashona viatu vya watu, na mwenyewe humwambia kila mteja mgeni kwamba yeye ndiye fundi pekee wa mtaa asiyeweza kujaribu kazi yake. Ulipokuwa shule ulikaa kwake kila Jumamosi. Anakuita muwala wange, binti yangu, na mapacha wake mwenyewe hawajamwita baba tangu Nnalongo alipowachukua akaenda nao kwao Masaka. Nnalongo aliondoka kwa maneno aliyoyasema mbele ya majirani: hawezi kulisha watoto kwa kiburi cha mwanaume aliyepanda mashine asiyoijua. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimepeleka sukari.

Wewe ukapenda mashine. Sikukutia mimi, na sikukuzuia. Nilikuwa na haki gani. Ulipoingia chuo cha waendeshaji, wasichana wawili kati ya wanaume wote wale, nilikupa ushauri ambao baba yeyote fundi angempa mtoto. Nilikuambia usimwage kila kitu kwa wenzako, baki na kimoja. Nilisema kwa mzaha. Wewe ulikishika kama dini.

Jumapili iliyopita mezani ukatusimulia, unacheka, jinsi yule msichana mwenzio alivyohangaika na mashine siku ya mtihani, na wewe unajua kinachomsumbua, ukanyamaza. Ukanigeukia ukasema, "Kama ulivyonifundisha, baba." Mama yako akainamia sahani. Mimi nikaomba chumvi. Wiki nzima sijalala vizuri, na kwa umri wangu nilidhani nimeshazoea kutolala vizuri.

Ningependa kukuambia kwamba barua hii itakuokoa na kitu. Sioni kitakachookolewa. Umenieleza mwenyewe kwamba mashine ya kukatia miti utakayoendesha kule Gulu, kwenye misonobari, ina kioo pande zote na kompyuta, na haigeuki kinyume mteremkoni hata ukitaka. Kwa hiyo hata kile kitu kimoja nilichokiuza kwa miguu ya mtu hakina kazi tena duniani. Ningekupa kama urithi, lakini ni ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Na tabia ya kuficha tayari unayo, nimeiona inavyokukaa vizuri, umeirithi pamoja na paji hili la uso. Sitakuambia uiache. Nani angenisikiliza, mimi mwenyewe nikisema hivyo ningecheka. Nakuonyesha tu ilikotoka.

Leo sikwenda kanisani, mama yako ameshanisema. Nilikwenda Kawempe. Nilitaka nimwambie yeye kwanza, ili hii isiwe barua ya mtu anayemsengenya kiwete. Nilimkuta peke yake, anapaka gundi. Nikasimama, kisha nikaona vibaya kusimama mbele yake, nikakaa kwenye debe. Nikamweleza yote. Liva, mkanda unaokimbia, breki, kisiki, kandambili. Nilimchorea chini, mistari miwili na mshale. Nilimaliza mchoro wake.

Aliutazama. Kisha akaniambia, "Hapana. Mimi nilichanganya mikono."

Nikamwambia hakuchanganya. Nikamwambia alivuta ile ambayo kila mtu mwenye akili angevuta, na mimi ndiye niliyejua.

Akarudisha kiatu kwenye goti la mbao, kile kigogo anachoshonea badala ya goti lake, na kuanza kushona, na bila kuniangalia akasema, polepole, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko nilichowahi kumsikia nacho: "Mke wangu aliondoka kwa sababu mimi nilikosea. Watoto hawaji kwa sababu mimi nilikosea. Nimeomba Mungu miaka yote anisamehe kwa sababu mimi nilikosea. Sasa wewe nakuja asubuhi na kijiti unasema hapana. Hiyo miaka mimi naweka wapi?"

Nikakiweka chini kile kijiti.

Akaniambia kama ningesema wakati ule, angeamka kitandani anipige, na kama miguu haipo angenirushia beseni, na tungemaliza. Akasema sasa amechelewa kukasirika, mwili hauna nafasi. Hakupaza sauti. Akaniomba nimsogezee uzi. Nikamsogezea. Mteja akaja na kiatu cha mtoto, wakapatana, mteja akaondoka, na mimi bado nimekaa kwenye debe. Mwishowe akasema niende, mama yako atakuwa ananitafuta. Aliponiaga aliniita Mkenya, kama zamani, na hilo ndilo lililonishinda. Nilitembea mpaka Kyebando, sikutaka kukaa karibu na mtu yeyote.

Basi hayo ndiyo niliyonayo. Nitakupa barua hii mkononi kesho asubuhi, nisiitie kwenye sanduku, maana sanduku utalifungua Gulu na itakuwa nimekuficha tena kwa siku nzima. Isome njiani, kabla hujafika Kawempe. Ukiamua kurudi nyumbani kunitukana, mlango uko wazi, na ukiamua usirudi kabisa hata Krismasi, nitamwambia mama yako sababu mwenyewe. Hilo nitaliweza. Sijaahidi vitu vingi barua hii yote.

Ukifika Kawempe atakushika mikono yote miwili, kama kawaida yake, na kwa kuwa unakwenda kuendesha mashine atakupa wasia. Atakuambia uwe makini, uangalie mkono gani ni upi, usiwe kama yeye aliyevuta kushoto siku ya kulia. Atakuambia ilikuwa kosa lake.

Usimbishie, Nekesa. Mwache amalize. Lakini usimwamini.

Mimi,
baba yako